Kuwatia Moyo Walimu Siku za Upungufu



Jumapili moja, watu walipokwisha kutawanyika baada ya ibada, alitujia kijana mmoja wa usharika wetu. Huyu tulimfundisha Kipaimara tulipokuwa bado wageni katika kazi, na sasa ni mwalimu katika chuo kikuu ambacho hatutakitaja jina. Akatueleza ya kuwa mshahara wake umechelewa miezi mitatu. Ya kuwa karatasi za mtihani hununuliwa na walimu wenyewe. Ya kuwa wafagizi wamepunguzwa kazini, na vyumba vya masomo vimejaa vumbi. Nasi tukamjibu kama tulivyozoea kujibu. Tukasema, "Vumilia, mwanangu. Kazi yako ni wito."

Akanyamaza kidogo, kisha akanena kwa adabu, "Asante, Mchungaji. Maneno hayo hayo tuliambiwa juzi na wakubwa wetu mkutanoni. Mkutano ulipokwisha, wao walipanda magari yao, nasi tukaenda kwa miguu hata stendi."

Hakuyasema kwa hasira. Lakini usiku ule usingizi haukutujia upesi, kwa kuwa tulijiona tumesimama upande wa wenye magari, hali gari hatuna. Tangu siku ile swali hili halikutuacha: Je, yapasa kumwambia mtu asiyepewa ujira wake avumilie? Na kama maneno hayatoshi, basi kumtia mtu moyo ni kufanya nini?

Labda msomaji mmoja atasema, "Mambo ya vyuo vikuu yatuhusu nini, sisi wakulima na wafugaji?" Yatuhusu sana. Daktari aliyempasua mama yako alifundishwa huko. Mwalimu wa sekondari amfundishaye binti yako alifundishwa huko, na bwana shamba aliyekuonyesha ugonjwa wa migomba, na hakimu aliyeamua kesi ya mpaka wa shamba lako. Chemchemi ikichafuka mlimani, watu wa bondeni hunywa matope, wala hawajui yametoka wapi.

Tena jambo hili si geni katika nchi zetu. Tutazame chuo kimoja ambacho habari zake zajulikana na wengi, yaani Makerere, katika mji wa Kampala. Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishirika cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 muungano ule ulipokwisha kikawa chuo kikuu cha taifa la Uganda. Mwalimu Julius Nyerere alisoma huko, na wengi wengine walioziongoza nchi zetu. Siku zile kuwa mwalimu wa Makerere kulikuwa heshima kubwa: nyumba nzuri kilimani, vitabu vipya maktabani, na mshahara uliotosha.

Kisha zikaja siku mbaya. Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu. Mwaka 1972 aliwafukuza watu wa asili ya Asia, na biashara ya nchi ikaanguka. Katika mwaka uo huo mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alikamatwa na askari, wala hakuonekana tena. Walimu wengi wakakimbia, wageni na wenyeji pia. Amin aliondolewa mwaka 1979, lakini vita havikukoma hata Januari 1986. Katika miaka hiyo fedha ilipoteza nguvu yake, hata mwaka 1987 serikali ikatoa shilingi mpya, kila shilingi 100 za zamani zikahesabiwa kuwa moja. Mshahara wa mwalimu ukabaki jina tu. Haukuweza kulisha nyumba yake mwezi mzima. Na juu ya hayo, katika miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilikuwa ikizishauri serikali za Afrika zipunguze matumizi yao kwa vyuo vikuu, zielekeze fedha kwa shule za msingi. Shauri hilo lilikuwa na sababu yake, maana watoto wengi hawakuwa na shule. Lakini mtu akisahau ya kuwa mwalimu wa shule ya msingi naye hufundishwa na mwingine, na huyo na mwingine, amekata mti kwa kupenda matunda.

Basi walimu waliobaki walifanya nini? Wengine walifuga kuku na kulima viazi nyuma ya nyumba zao. Wengine waliendesha teksi, wengine walifungua maduka, wengine walifundisha mahali pawili au patatu kwa siku moja. Mwaka 1989 waligoma. Desemba 1990 wanafunzi nao waligoma, kwa kuwa posho zao zilikuwa zikiondolewa, na askari polisi wakapiga risasi wakaua wanafunzi wawili. Hata hivyo chuo hakikufa. Kila mwaka kulikuwa na mtu aliyeingia darasani akafundisha.

Mbele ya habari hizi yatupasa kwanza kuzuia ulimi wetu. Tusiwahukumu waliokimbia, wala tusiwadharau waliofuga kuku. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio kichwani pa mwingine huonekana mwepesi daima, nasi tulio kando ya njia ndio wepesi wa kusema, "Songa mbele, si mbali." Na sisi Walutheri tukumbuke ya kuwa Martin Luther mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Wittenberg, tangu mwaka 1512 hata kufa kwake mwaka 1546. Mkewe, Katharina von Bora, alilima bustani, akafuga wanyama, akatengeneza pombe, akawapangisha wanafunzi vyumba, ili nyumba ile ipate riziki. Hatujamsikia mtu akisema kwa sababu hiyo Luther alikuwa mwalimu hafifu. Na mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani juu ya shule, akatoa hoja hii: mji utoao fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, hauwezi kusema hauna cha kumlipa mwalimu. Hakuwaambia walimu tu wavumilie. Aliwageukia wenye sanduku la fedha.

Sasa tuendelee na habari ya Makerere, maana dawa iliyoletwa yafundisha kuliko ugonjwa. Tangu mwaka 1992 chuo kiliruhusiwa kupokea wanafunzi wanaojilipia ada, na masomo ya jioni yakaanzishwa, kwanza ya sheria na biashara. Kabla ya hapo wanafunzi karibu wote walilipiwa na serikali. Ilipofika mwisho wa miaka ile ya 1990 zaidi ya nusu walijilipia, na hesabu ya wanafunzi ilikuwa imezidi maradufu. Fedha ikaingia. Walimu wakaongezewa posho, majengo yakapakwa rangi, wengine waliokuwa wameacha kufundisha wakarudi. Watu wa nchi za mbali wakaja kutazama, wakasifu. Hatuna sababu ya kuidharau kazi hiyo. Watu waliokuwa wakizama walipata mtumbwi.

Lakini katika mtumbwi ule hawakukaa wote. Idara zilizovuta wanafunzi wenye ada zilipata, na zisizovuta zilibaki na kidogo. Idara zikaanza kugombania wanafunzi na kubuni masomo mapya kwa ajili ya soko. Profesa Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 2007, akionyesha jinsi chuo kilivyokuwa kama soko lenye wachuuzi wanaoshindana chini ya paa moja. Zamani njaa ilikuwa moja, ya wote. Sasa katika nyumba moja mwenye kula jioni na asiyekula walipishana mlangoni.

Tena mwaka 2016, hakuna vita mjini, wala fedha haikuwa imegeuka karatasi tupu kama zamani, walimu wa Makerere waligoma. Walikuwa wakidai malimbikizo ya posho waliyoahidiwa na chuo chenyewe. Tarehe 1 Novemba Rais Yoweri Museveni aliamuru chuo kifungwe, wanafunzi wakaambiwa warudi makwao, wala hakikufunguliwa hata Januari 2017.

Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, twaona neno moja. Katika miaka ya njaa kuu walimu wengi waliendelea kuingia darasani. Katika miaka iliyo afadhali, mlango ulifungwa. Hatusemi ya kuwa njaa ni njema, wala hatusemi zamani hapakuwa na migomo. Lakini twasema ya kuwa upungufu peke yake sio unaovunja moyo wa mtu. Moyo huvunjwa na ahadi isiyotimizwa, na kuona mwenzako anakula hali wewe unaambiwa hakuna chakula. Mtu aweza kustahimili sufuria tupu ikiwa ameiona kwa macho yake kuwa ni tupu, na ikiwa mpishi naye amelala na njaa. Hawezi kustahimili sufuria iliyofunikwa.

Kwa hiyo twajibu swali letu hivi: uvumilivu ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenyewe. Yeye mwenyewe akisema, "Nitavumilia," ni jambo la kusifiwa. Mwingine akimwambia, "Vumilia," na huku hashiki ncha ya mzigo, amechukua sadaka isiyo yake akaitoa kwa jina lake. Yakobo alilionya Kanisa juu ya jambo hili katika sura ya pili ya waraka wake, habari ya mtu amwagaye mwenye njaa kwa maneno mema bila kumpa kitu. Nasi tumeusoma waraka huo mara nyingi madhabahuni, tukidhani wasema na wengine.

Je, mkuu wa chuo afanye nini, ikiwa kweli fedha hakuna? Swali hili ni la haki, maana si kila mkuu ni mnyang'anyi. Wengi wao hupewa na serikali pungufu ya walichoomba, kisha hulaumiwa na wote. Twaona ana madeni matatu ambayo aweza kuyalipa hata sanduku likiwa tupu.

Deni la kwanza ni kweli. Na awakusanye watumishi wote, awafungulie daftari, aseme: Tulitazamia kiasi hiki, tumepata hiki, twadaiwa hiki, na mshahara utachelewa hata mwezi fulani. Asiahidi neno asilolijua. Kusema kweli hakuhitaji fedha, lakini kwahitaji ujasiri, maana daftari likifunguliwa watu wataona na yale yasiyopendeza. Penye daftari lililofungwa uvumi huandika hesabu yake, nayo siku zote huwa mbaya kuliko ile ya kweli.

Deni la pili ni usawa. Upungufu ukija, na uanzie juu. Desturi ya ulimwengu ni kuanzia chini: mfagizi huachishwa kwanza, kisha mpishi, kisha mlinzi, kisha karani, kwa kuwa hao hawana sauti barazani. Lakini akiba ipatikanayo kwa kumfukuza mfagizi ni ndogo, na hasara yake ni kubwa, maana kila mtumishi aliyebaki huiona njia atakayopitishwa yeye mwenyewe. Mkuu akianza kwa kupunguza posho ya safari zake na mafuta ya gari lake, huenda asipate fedha nyingi. Lakini amepata kitu ambacho hazina haiuzi, maana watu sasa humsadiki.

Deni la tatu ni heshima. Asiye na mshahara wa kutoa ana salamu, ana barua ya asante, ana uwezo wa kumjua mtu kwa jina lake. Aweza kumwondolea mwalimu taabu zisizo na maana: fomu zinazojazwa mara tatu, mikutano isiyo na shauri, amri zinazobadilika kila juma. Aweza kutafuta chaki na karatasi kabla ya kutafuta mapazia ya ofisi. Mwalimu hakuja chuoni kwa ajili ya fedha peke yake. Alikuja kwa kuwa ana jambo analolijua na kulipenda, atakaye kuwapa vijana. Ukimwachia nafasi ya kufanya kazi hiyo vizuri, umempa sehemu ya ujira wake. Lakini twaonya: sehemu, wala si yote. Heshima isitumiwe kuwa kisingizio cha kutolipa. Deni la fedha hubaki deni hata litakapolipwa.

Mwalimu naye ana deni lake, tusilifiche. Njaa humruhusu kulima, kufuga, kudai haki yake kwa sauti, hata kuacha kazi. Haimruhusu kuuza alama za mtihani, wala kumdai binti wa watu kitu cha aibu ili afaulu, wala kutoingia darasani na huku jina lake limo katika orodha ya waliofundisha. Mwanafunzi hakuvunja sanduku la chuo. Na baba yake aliuza ng'ombe.

Nasi wazazi na wenyeji tuna sehemu yetu. Tuliokuwa tukimvulia kofia profesa mwenye gari, tusimcheke sasa apitapo na viatu vilivyotiwa viraka. Ada tunayoweza kuilipa leo tusiichelewesha hata tutafutwe. Na tumwitapo mwalimu kutoa hotuba katika mahafali ya shule yetu, tusidhani nauli yake itatoka mbinguni.

Tulipofika hapa, ndugu, kalamu yetu ilisita. Tulikumbuka ya kuwa wengi wa wasomaji wa gazeti hili ni makatekista na wainjilisti, nao labda wamekwisha kutabasamu. Maana katika usharika wetu wenyewe mwinjilisti wa mtaa mmoja alikaa miezi minne bila posho. Kila alipokuja tulimpa maneno mazuri na kikombe cha chai. Na katika miezi hiyo hiyo baraza la wazee, sisi tukiwa mwenyekiti, lilipitisha fedha za bati jipya kwa nyumba ya mchungaji. Paa lilikuwa likivuja, ni kweli. Lakini hatukumwuliza mwinjilisti kama lake lavuja.

Basi tulifanya neno moja dogo, wala hatulitaji kwa kujisifu, maana tulichelewa. Tulilipeleka daftari la fedha katika mkutano, wainjilisti wote wakiwapo, tukalisoma tangu mwanzo hata mwisho. Ilikuwa saa ngumu. Wengine walishangaa jinsi makusanyo yalivyo machache. Wengine walishangaa jinsi yalivyotumiwa. Kisha ikakubaliwa ya kuwa tangu sasa, mwezi ambao sadaka haitoshi, kila mtumishi apunguziwe kwa kadiri ya alichonacho, akianza mchungaji. Fedha haikuongezeka hata senti moja siku ile. Lakini yule mwinjilisti, alipokuwa akiaga, alitushika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi yake.

Na yule kijana je? Tulimwendea nyumbani kwake Jumamosi iliyofuata, tukiwa na debe la mahindi na maharage kidogo, na safari hii hatukuwa na mawaidha. Tulikuta madaftari ya wanafunzi yamepangwa juu ya meza ya chakula, nusu yameshasahihishwa. Tukaona haya, maana tulimjua miaka mingi, na hatujawahi kumwuliza anafundisha nini. Tukamwuliza. Akasema, "Udongo, Mchungaji." Akatueleza kwa nini mashamba ya upande wetu yamechoka, na chumvichumvi hutoka wapi, na majani ya kunde yafanya nini yakioza ardhini. Alisema karibu saa mbili, na mkewe akawasha taa, naye bado akisema. Tulipoinuka kwenda alitusindikiza hata njia panda, akaahidi kuja kuzungumza na wakulima wa mtaa wetu baada ya mavuno.

Mshahara wake ulikuwa bado haujaja.